Mlango Unalindwa, Jiwe la Kusagia Je? Wanawake Wakusanyaji na Makumbusho ya Maisha ya Kila Siku

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kabla ya mwaka 1940, bila kungoja mtu yeyote aitetee. Kitu kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863 nacho kinalindwa kwa umri wake tu. Jiwe la kusagia la mwanamke wa Kigogo, lililoanza kazi tuseme miaka ya 1890 na kurithiwa kwa mabinti na wakwe hadi mashine ya kusaga ilipofika kijijini, haliingii katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Lazima waziri alitangaze. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba milango ya pwani ilikuwa na wanunuzi wa kigeni, na jiwe halina mnunuzi. Ni kweli, lakini haitoshi. Sheria ile iliandikwa na watu walioitazama nyumba wakiwa barazani. Walichokiona ni mlango.

Makala hii inapinga dhana iliyo nyuma ya sheria hiyo, ambayo imeingia pia katika mipango ya urithi ya sasa: kwamba kitu hustahili makumbusho kwa sababu ya umri, uzuri, au ukubwa wa tukio kilichoshuhudia. Ninadai kwamba makumbusho ya maisha ya kila siku huanza pale mkusanyaji anapouliza kwanza habari ya kazi: kitu hiki kinafanya nini, nani alikufundisha, kikichoka unakitengenezaje. Ninadai pia kwamba katika Afrika Mashariki na kwingineko, miongoni mwa waliouliza hivyo mapema na kwa bidii kubwa ni wanawake, na kwamba historia ya makumbusho zetu imewaweka pembeni.

Kuhusu nyanda za kati za Tanzania, nchi ya Wagogo, maandishi yapo na yana thamani. Mathias Mnyampala alituachia mwaka 1954 kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Peter Rigby alichapisha mwaka 1969 utafiti ambao uzito wake, kama jina lake linavyosema, uko kwenye ng'ombe na ukoo. Sina ugomvi na watafiti hawa kwa walichokiandika. Ugomvi wangu ni na sisi tuliowasoma tukaridhika kwamba Ugogo ni zizi, ukoo na mtemi. Gregory Maddox alipoandika mwaka 1990 kuhusu Mtunya, njaa kuu ya 1917 hadi 1920, alikadiria kuwa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 walikufa, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi. Idadi hiyo ni ya kutisha, na mtu anaweza kuikariri maisha yake yote bila kujua familia iliyobaki ilikula nini na ilikitayarisha vipi. Jibu lilikuwa mikononi mwa wanawake: mbegu gani za porini zinasagika, mizizi gani iloweshwe kwanza, unga wa ubuyu uchanganywe na nini. Njaa ina vyombo vyake, na hakuna aliyevikusanya.

Wilaya ya Kongwa, ambamo mji wa soko wa Kibaigwa umo, inajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza 1947 na kufutwa 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. La pili ni kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika iliyofunguliwa miaka ya 1960. Yote mawili yanastahili kuhifadhiwa, na kazi inayofanywa chini ya programu ya urithi wa ukombozi naiunga mkono kwa dhati. Lakini tazama kinachobaki nje: matrekta yana historia, bunduki zina historia, na aliyewapikia wote hao hana hata chungu chake kimoja kilichoandikiwa kibao.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka Kampala. Makumbusho ya Uganda ilianzishwa mwaka 1908, na mkusanyiko wake ukawekwa katika boma la Lugard, afisa wa kikoloni, kwenye kilima cha Old Kampala. Wenyeji waliiita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya mapembe yenye nguvu za mizimu, na walikuwa na haki ya kuiogopa. Ilikuwa ghala la vitu vilivyotengwa na watu waliovijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 dhamana ya mkusanyiko huo ilimwangukia Margaret Trowell, na ukahamishiwa Makerere. Waandishi wa historia ya sanaa, wakiwemo George Kyeyune na Sunanda Sanyal, wamemjadili Trowell hasa kama mwanzilishi wa shule ya sanaa iliyozaliwa mwaka 1937 katika madarasa ya nyumbani kwake. Makumbusho hutajwa kama kazi ya ziada ya mke wa daktari. Mimi naiona kinyume. Darasa lilimpa wanafunzi, lakini ni mkusanyiko uliompa hoja ya kwamba hapa pana ufundi wenye kanuni, unaoweza kufundishika na kuhojiwa.

Hoja hiyo inaonekana wazi katika Tribal Crafts of Uganda, kitabu alichokitoa mwaka 1953 pamoja na Klaus Wachsmann, aliyemfuata kwenye makumbusho. Wachsmann aliandika sehemu ya ala za muziki. Trowell aliandika sehemu ya nyumba na vyombo: ufinyanzi, ususi, vibuyu, vyombo vya maziwa, mavazi, zana. Msomaji anayetarajia orodha ya maajabu hataipata. Anakuta vikapu vimechambuliwa kwa namna ya kusukwa, na michoro inayofuata ukindu unavyopita juu na chini. Mchoro wa namna hiyo hauwezi kuchorwa na mtu aliyekiona kikapu rafuni tu. Aliyeuchora ameketi karibu na msukaji, ametazama kidole kipi kinashika na kipi kinapitisha. Trowell alikuwa mchoraji aliyesomea shule ya sanaa ya Slade, London, na tangu alipofika Kenya mwaka 1929 na kuishi Machakos alikuwa ameanza kuyafuatilia mambo haya kwa Wakamba. Hakuwa mwanaanthropolojia, na nadhani hilo lilimsaidia, kwa kuwa hakuwa na nadharia ya ukoo ya kuithibitisha kwa chungu.

Atakayenijibu atasema mengi, na mengine ni halali. Jina la kitabu lenyewe limebeba mtazamo wa kikoloni wa makabila. Nafasi ya Trowell ilitokana na dola iliyomtuma mumewe. Wasusi na wafinyanzi waliomfundisha hawakutajwa kwa uzito anaopewa mwandishi. Hayo nayakubali, na la mwisho ndilo zito kuliko yote, nitalirudia. Lakini hoja kwamba kazi yake iligandisha utamaduni haisimami mbele ya wanafunzi wake. Sam Ntiro, Mtanzania, alipaka rangi vijiji vyenye watu kazini, kisha akawa balozi wetu wa kwanza London. Elimo Njau, naye kutoka Kilimanjaro, alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Hao hawakuwa watu wa kulinda masalia.

Pingamizi la pili ni Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement alijenga makumbusho ya Wasukuma. Je, si mwanamume, na si maisha ya kila siku? Bujora ina kaya ya Kisukuma ndani yake, na ni kazi kubwa. Hata hivyo, moyo wa mahali pale ni ngoma na viti vya watemi, na jengo la utemi limepewa umbo la kiti chenyewe. Kaya ipo kama mandhari ya ufalme. Makumbusho ya Kijiji ya Dar es Salaam, iliyoanza miaka ya 1960, ilikwenda mbele zaidi kwa kujenga nyumba zenyewe, tembe ya Kigogo ikiwemo. Ila nyumba isiyopikiwa haina moshi darini, na mgeni anatoka akijua umbo la paa tu.

Nje ya kwetu mifano ni mingi zaidi kuliko tunavyofundishwa. Isabel Grant alifungua mwaka 1935, kwenye kisiwa cha Iona huko Uskoti, makumbusho ya vyombo vya wakulima wa milimani katika kanisa lililoachwa, kwa mali yake mwenyewe. Muttrah, mji ambao familia nyingi za Waomani wa Zanzibar zinaujua vizuri, una makumbusho ya Sayyida Ghalya bint Fahr Al Said iliyofunguliwa 2011, yenye nyumba ya zamani iliyopangwa kama nyumba ya Oman ya kati ya 1950 na 1975. Nasisitiza miaka hiyo. Ni vitu ambavyo bibi aliye hai anaweza kuviingilia na kusema, hapana, birika haliwekwi hapo. Kwa kipimo cha sheria yetu ya 1964, karibu vyote vingekuwa vipya mno.

Itasemwa kwamba Grant alikuwa na urithi na Ghalya ni wa ukoo wa kifalme. Ndiyo. Mwanamke asiye na mali hukusanya pia, lakini mkusanyiko wake huitwa vitu vya jikoni na hutawanyika akifa. Hiyo ni sababu ya kumtafuta angali hai.

Nirudi kwenye jiwe. Jiwe la chini huwekwa kwa mteremko. Msagaji hupiga magoti upande wa juu na kulisukuma jiwe dogo kwa mikono miwili, uzito wa mwili ukishuka kupitia mabega, unga ukidondoka kwenye ungo ulio mbele. Likilainika sana halisagi tena: uwele unateleza. Hapo hugongwagongwa kwa jiwe gumu hadi lipate ukwaruzo, na anayegonga vibaya atakula unga wenye mchanga kwa siku kadhaa. Kwa hiyo shimo lililo katikati ya jiwe ni kumbukumbu ya mambo mawili, kusaga na kunoa. Lisipoelezwa na aliyelitumia, mtaalamu atapima kina chake na kuandika nusu ya habari.

Ndiyo maana nasema mahali pa kuanzia ni Kibaigwa. Soko lake la nafaka, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, linapokea mahindi, mtama, uwele na alizeti kutoka pande nyingi, na wanawake wanaopepeta na kuchambua nafaka wanajua mbegu, wadudu, unyevu na ujazo kwa kiganja. Kuna debe, kuna ungo, kuna sindano ya kushonea magunia, na kuna wakongwe wanaokumbuka kihenge cha nyumbani kilivyojengwa. Sera ya Utamaduni ya 1997 na Sera ya Malikale ya 2008 hazikatazi jamii kuanzisha makumbusho yake. Kinachokosekana ni kukubali kwamba mpepetaji anaweza kuwa mhifadhi mkuu, naye msomi akawa karani wake.

Huenda ninadai kupita ushahidi nikisema kwamba makumbusho ya aina hii haitafaulu ikiongozwa na wanaume. Nitasema kidogo chini ya hapo: ikiongozwa na asiyewahi kusaga, awe nani, itakusanya mawe. Kuhusu umiliki, njia ya Grant inafaa kufikiriwa. Mwaka 1954 alikabidhi mkusanyiko wake kwa vyuo vikuu 4 vya Uskoti. Chuo Kikuu cha Dodoma kinaweza kutunza daftari na sauti zilizorekodiwa, mawe yakabaki kwenye kaya zake, na jina la kila aliyesimulia likaandikwa kwanza, kabla ya jina la aliyeandika, jambo ambalo Kampala halikufanyika. Marekebisho ya sheria yatahitaji muda. Daftari linaweza kufunguliwa msimu huu wa mavuno.