Mtoa Anwani na Mwenzake

Msomaji kijana, ukitoka mjini Kitui na kushika njia ya upande wa magharibi utafika Matinyani, nchi ya vilima, ya mashamba yaliyokatwa matuta, na ya mito ya mchanga ambayo hujaa maji kwa siku chache na kukauka kwa miezi mingi. Mkulima wa huko hungojea mvua mbili kila mwaka: ya Machi hadi Mei, na ya Oktoba hadi Desemba. Hii ya pili ndiyo anayoiamini zaidi. Walakini hathubutu kuiacha ile ya kwanza ipite bila ya kutia mbegu ardhini. Nimeanza na habari ya mvua kwa sababu jambo nitakalokusimulia, ingawa ni la mashine na waya, limetokana na hofu ile ile ya mtu aliyeweka tegemeo lake lote mahali pamoja.

Katika ofisi moja ya upande huo, ambayo sitaitaja jina, nilifika asubuhi ya Jumatatu kutafuta hati. Nilikuta watu wamejaa barazani na makarani wameketi kimya mbele ya kompyuta zao. Umeme ulikuwapo. Waya zilikuwa nzima. Mtandao wa nje ulikuwa ukifika mpaka mlangoni mwa ofisi. Hata hivyo hapana kompyuta iliyoweza kutoa wala kupokea neno. Mbele yangu alikuwapo bibi mmoja mzee aliyetaka karatasi ya kuombea basari ya mjukuu wake, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa sita mchana siku hiyo hiyo. Karani alimwambia kwa upole, "Susu, subiri kidogo, mashine zimegoma," lakini uso wake ulionyesha kuwa yeye mwenyewe hakujua kidogo hicho kingekuwa saa ngapi.

Ilikuwako mashine moja tu iliyokuwa hai, nayo ilikuwa ya karani mkongwe kuliko wote, aliyekuwa karibu kustaafu. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa ajili ya mashine hiyo, maana ilikuwa kuukuu kama yeye. Siku hiyo kazi yote ya ofisi ilihamia mezani pake, na bibi yule alipata karatasi yake ilipofika saa tano na nusu. Wengi waliokuwa nyuma yake hawakupata.

Kwa nini ile moja tu? Ili kujibu swali hili yatupasa kurudi nyuma miaka kadhaa.

Kila kompyuta iliyomo katika mtandao haina budi kuwa na anwani, yaani tarakimu zake peke yake, kama vile kila sanduku la posta lina namba yake. Mtindo wa tarakimu tunaoufahamu ulianza kutumika rasmi katika mtandao wa ARPANET wa Marekani tarehe 1 Januari 1983. Siku zile kompyuta zilikuwa chache na kubwa, na aliyezitunza aliandika anwani ya kila moja kwa mkono wake, akaiweka pia katika daftari ili asimpe mwingine. Daftari la namna hiyo linatosha kwa mashine kumi. Zikifika mia huanza kudanganya: karani huhamishwa na mashine yake, mwingine hunakili tarakimu za jirani, na mashine mbili zikidai anwani moja huvurugana hata zote mbili zikakosa.

Wataalamu walijaribu dawa mbalimbali. Mwaka 1984 ulitoka waraka wa itifaki iliyoiwezesha mashine isiyojijua kuuliza anwani yake. Mnamo Septemba 1985 Bill Croft na John Gilmore walitoa itifaki bora zaidi iliyoitwa BOOTP. Lakini hata hiyo ilimhitaji mtu aandike kwanza orodha ya mashine zote na haki ya kila moja. Lilikuwa daftari lile lile, ila sasa lilitunzwa ndani ya mashine. Oktoba 1993 Ralph Droms, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bucknell katika jimbo la Pennsylvania, alitoa waraka wa itifaki mpya, DHCP, ambao aliutengeneza upya Machi 1997. Waraka huo wa 1997 ndio uliokuja kutumika katika ofisi, skuli na nyumba nyingi duniani.

Fikra kubwa ya DHCP ni kwamba anwani haitolewi milele, bali hupangishwa. Kompyuta ikiwashwa hupiga mbiu katika mtandao wote: "Ni nani hapa anayetoa anwani?" Seva hujibu: "Ni mimi, ipo hii, ukipenda." Kompyuta husema, mbele ya wote, "Naitaka hiyo." Seva huthibitisha: "Basi ni yako, kwa muda wa siku moja." Mambo haya manne humalizika kabla hujavuta kiti chako vizuri. Nusu ya muda ikipita, mpangaji humwendea mwenye nyumba kumwomba amwongezee. Asipojibiwa hangaiko lake halianzi mara moja. Huendelea kukaa, na sehemu saba katika nane za muda zikiisha, hupiga mbiu tena kumwuliza seva ye yote aliye karibu. Muda ukiisha bila ya jibu, hutoka nyumbani. Hapo kompyuta nyingi hujipa zenyewe anwani ya kubahatisha inayoanza na 169.254, ambayo haiwezi kuzipeleka nje ya chumba.

Sasa utaelewa yaliyotokea katika ofisi ile. Seva ya anwani ilikuwa moja tu, nayo ilikufa Ijumaa mchana umeme uliporuka. Hapana aliyejua! Wapangaji wote walikuwa na saa kadhaa zilizobaki katika muda wao, wakafanya kazi mpaka jioni, wakafunga mashine na kwenda zao. Jumatatu muda wa kila mmoja ulikuwa umekwisha. Mkongwe yule alisalimika kwa sababu anwani ya mashine yake iliandikwa kwa mkono zamani, na mtu alisahau kuifuta. Nakuomba usimsifu sana mtu huyo aliyesahau, kwa kuwa anwani za namna hiyo, zikiachwa ovyo, ndizo zinazogombana na nyingine baadaye.

Utasema, dawa ni nyepesi: iwekwe seva ya pili. Naam, na waraka wa Droms uliruhusu seva nyingi tangu mwanzo. Kompyuta ikipata majibu mawili huchagua moja. Lakini waraka haukueleza seva hizo zisemezane vipi. Tuseme umeweka mbili na kuzikabidhi anwani zile zile mia mbili. Kila moja ina daftari lake, na haioni la mwenzake. Ya kwanza itampa karani mmoja anwani ya 57. Ya pili, ikiiona 57 tupu katika daftari lake, itampa mwingine. Ni kweli kwamba seva njema hubisha hodi kabla ya kutoa anwani, ili isikie kama yumo mtu. Lakini mashine iliyozimwa kwa usiku haijibu hodi, ilhali muda wake haujaisha.

Njia ya kwanza ya kukwepa balaa hii ni kugawa. Wengi walizoea kuipa seva kuu anwani themanini katika kila mia na ya akiba ishirini, kwa kutumaini kwamba ile kuu itatengenezwa upesi. Mimi siupendi mgawo huo kwa ofisi ndogo. Ofisi ya kompyuta sitini ikiwa na anwani mia mbili, na izigawe nusu kwa nusu. Kila seva itaweza kuwalisha wote peke yake, na hapana haja ya ufundi zaidi. Anwani za ndani ya ofisi hazinunuliwi: waraka wa Februari 1996 ulitenga mafungu makubwa ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuyatumia kwake. Anwani zinazohesabiwa kwa ubahili ni zile za dunia nzima, ambazo jumla yake haifiki bilioni 4.3, na ambazo fungu lake kuu liligawanywa likaisha Februari 2011.

Njia ya pili ni kuzifanya seva zisemezane, nayo ndiyo yenye historia ya kustaajabisha. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 Droms, Kim Kinnear na wenzao walifanya kazi ya kuandika itifaki ya seva mbili zinazoshirikiana. Waliandika, wakasahihisha, wakaandika tena. Rasimu yao ya 2003 ilipita kurasa mia moja, na mwishowe ikaachwa bila ya kufanywa kanuni kamili. Usidhani walikuwa wavivu. Walikutana na swali ambalo hata wanadamu hulishindwa: mwenzangu asiponijibu, nitajuaje kama amekufa, au ni njia baina yetu iliyokatika?

Fikiri ndugu wawili wanaopangisha nyumba za baba yao, mmoja akiwa Matinyani na mwingine Kitui mjini, wakipashana habari kwa barua. Wa Matinyani asipopata barua kwa juma zima, je, azipangishe nyumba zote? Kama ndugu yake yu hai na anapangisha vile vile, wapangaji wawili watakutana mlango mmoja. Wenye rasimu walijibu hivi. Kwanza, nyumba tupu zigawanywe mapema, ili kila ndugu awe na zake za kutoa wakati wa kimya. Pili, ndugu asimpe mpangaji muda unaozidi ule ambao mwenzake amekwisha kuujua, ila kwa nyongeza ndogo iliyokubaliwa, tuseme saa moja. Kwa hiyo mpangaji mpya hupewa saa moja tu. Anaporudi baada ya nusu saa, habari zake zimekwisha kufika upande wa pili, naye hupewa siku nzima. Ndugu mmoja akifa ghafula, yule aliyebaki anajua kwamba hapana ahadi ya siri inayopita saa moja zaidi ya zile zilizoandikwa kwake. Tatu, ndugu asirithi nyumba zote kwa sababu ya kimya peke yake, kwa kawaida angoje mtu aje amwambie, "Mwenzako hayupo." Katika mambo yote ya rasimu ile, hili la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi.

Rasimu ilikufa, lakini mawazo yake hayakufa. Shirika la ISC la Marekani liliyatia katika programu yake ya bure toleo la 3.0, na kampuni ya Microsoft ikayatia katika Windows Server 2012. Mwaka 2017, kwa anwani za mtindo mpya ulio mrefu, ilitoka kanuni kamili. ISC iliacha kuitunza ile programu ya zamani mwishoni mwa 2022, na badala yake huitoa nyingine iitwayo Kea.

Usiyaone haya kuwa mambo ya vyumba vidogo tu. Afrika ya Mashariki ilisumbuliwa na swali lile lile baharini. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika pwani ya Kenya mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi 2010. Watu wakasema hatutakatika tena, kwa kuwa tunazo tatu. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa, wakati EASSy ilikuwa imekwisha kukatika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao wa Kenya, Tanzania na nchi za jirani ukadhoofika. Nyaya zilikuwa mbili kwa majina. Sakafu ya bahari zilimopita ilikuwa moja.

Hesabu ya namna hii ndiyo iliyofanywa katika ofisi ya bibi yule. Serikali za kaunti zilipoanza kazi Machi 2013, shughuli nyingi zilizokuwa za karatasi zilihamia katika kompyuta, malipo yakiwa miongoni mwake, na asubuhi moja ya kimya ikawa na gharama isiyokuwako zamani. Fundi aliyeitwa aliweka seva ya pili, ndogo, isiyo ya fahari. Mkuu wa ofisi alitaka zikae pamoja katika kabati moja, zionekane vizuri. Fundi alikataa kwa adabu, akauliza kabati hilo linapata umeme kutoka wapi, na swichi ngapi za mtandao zimo ndani yake. Jibu lilikuwa waya mmoja na swichi moja. Basi ya pili iliwekwa katika jengo la upande wa pili wa uwanja, penye waya wake wa umeme na betri yake.

Nilirudi mwezi uliofuata kwa shughuli nyingine. Ilikuwa Jumatano, katikati ya kazi, na fundi alikuwapo. Bila ya kumwambia mtu aliizima seva ya kwanza, akamwomba karani kijana azime kompyuta yake na kuiwasha tena, kisha akasimama nyuma ya kiti akitazama saa ya ukutani. Kijana alifungua ukurasa wake, akamwita mtu wa mbele katika foleni, akaendelea kuandika.