Batiki za Tanzania: namna ya kuchagua rangi na kuizuia isichuje

Katika nchi jirani ya Tanzania, utengenezaji wa batiki ni kazi ya mikono inayoweza kufanyika uani kwa mtaji mdogo. Hata hivyo, kinachomrudisha mteja si uzuri wa maua pekee, bali rangi inayobaki kitambaani baada ya kufuliwa.

Batiki ni za namna mbili. Katika batiki ya mshumaa, nta iliyoyeyushwa hupakwa sehemu zisizotakiwa kushika rangi. Katika batiki ya kufunga, kitambaa hukunjwa na kukazwa kwa uzi au kamba. Zote hutaka pamba halisi, kwa kuwa poliesta haishiki rangi za pamba. Kitambaa kipya hufuliwa kwanza kwa sabuni na maji ya moto ili kuondoa wanga wa kiwandani, ambao huzuia rangi kupenya.

Rangi inayotumika sana ni ile iitwayo vati. Unga wake hauyeyuki katika maji matupu; huhitaji kostiki soda na sodiamu haidrosulfaiti ili uyeyuke na kuingia ndani ya nyuzi. Kitambaa kikitandazwa, hewa huirejesha rangi katika hali ya kutoyeyuka, nayo hukwama humo. Ndiyo sababu kitambaa huweza kubadilika rangi mara kinapotolewa katika beseni. Anayekisuuza kabla ya mabadiliko hayo kukamilika huimwaga rangi pamoja na maji.

Aina ya pili ni rangi tendaji, ambazo huungana kikemikali na pamba. Kampuni ya ICI ya Uingereza iliziingiza sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion. Hukazwa kwa magadi soda yaliyosafishwa, bidhaa ambayo hutengenezwa pia Ziwa Magadi nchini Kenya. Zile za maji baridi huifaa batiki ya mshumaa, kwani nta ya nyuki huanza kuyeyuka katika nyuzijoto 62 hivi. Kitambaa hufunikwa kwa plastiki kisikauke, na huweza kuachwa hivyo hadi saa 24.

Wapo wanaotegemea chumvi na siki. Chumvi huisogeza rangi kwenye pamba, lakini haiikazi. Siki hufaa rangi za hariri na sufu. Ikichanganywa na rangi tendaji hupunguza nguvu ya magadi.

Kostiki soda huunguza ngozi na macho, hivyo glavu na miwani ya kinga ni lazima. Kostiki hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Beseni liwe la plastiki. Sufuria ya alumini huliwa na kemikali hiyo. Haidrosulfaiti hutunzwa pakavu, kwa sababu ikipata unyevu huweza kuwaka. Nta ikishika moto hufunikwa, haimwagiwi maji. Maji yaliyotumika yasimwagwe karibu na kisima wala mto.

Baada ya nta kuondolewa kwa maji yanayochemka na kitambaa kufuliwa, hubaki jaribio moja: kukisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa hicho kikibaki cheupe, batiki iko tayari kwa soko. Kikichafuka, ifuliwe na kujaribiwa tena kabla ya kumfikia mnunuzi.