Kuchora simu au kuchunguza mtumiaji: kazi mbili zilizoijenga simu

Kila simu ya vitufe inayouzwa sokoni Goma, Bukavu au Bunia ina 1, 2 na 3 kwenye mstari wa juu. Mashine ya kuhesabia ya mwenye duka ina 7, 8 na 9 juu. Mpangilio wa simu haukuja hivi hivi. Nyuma yake kuna kazi mbili ambazo leo vijana wanaosomea kompyuta wanajiuliza wachague ipi: kuchora kile ambacho mtu anaona na kugusa, au kuchunguza namna watu wanavyokitumia.

Upande wa kuchora alikuwepo Henry Dreyfuss wa New York, aliyeanza kwa kubuni majukwaa ya michezo ya kuigiza. Mwaka wa 1929 kampuni ya simu ya Bell, huko Marekani, iliahidi wachoraji kumi dola 1,000 kila mmoja wabuni sura ya simu ya kesho. Dreyfuss alikataa. Kwake, simu haikuweza kuchorwa kutoka nje tu; mchoraji alipaswa kukaa pamoja na mafundi. Mwaka uliofuata kampuni ilimrudia. Simu yake ya mwaka wa 1949, iliyoitwa 500, ilienea Marekani nzima.

Upande wa kuchunguza alikuwepo John Karlin, mwanasaikolojia mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini, aliyeingia maabara ya Bell mwaka wa 1945. Ilipotakiwa kujua waya wa simu uwe mrefu kiasi gani, hakutegemea maneno ya watu. Waya za simu za wafanyakazi wenzake zilipunguzwa kwa siri, inchi moja moja. Hakuna aliyelalamika mpaka karibu sentimita 30 zilipokuwa zimekwenda.

Kazi hizo mbili zilikutana kwenye simu ile ya 500. Namba zilikuwa zimetolewa ndani ya matundu ya kisahani cha kuzungusha na kuwekwa pembeni, ili zionekane vizuri. Lakini watu walichelewa kupiga, kwa sababu kidole hakikuwa na pa kulenga. Karlin alipendekeza nukta nyeupe katikati ya kila tundu, na kasi ikarudi.

Kisha vitufe vilikuja kuchukua nafasi ya kisahani. Watafiti walijaribu mipangilio mingi: duara, mistari miwili, mistari mitatu. Walipima muda, walihesabu makosa, waliuliza watu wanapenda upi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1960. Tarehe 18 Novemba 1963 simu za vitufe zilianza kutolewa kwa wateja katika miji ya Carnegie na Greensburg, jimbo la Pennsylvania. Nyota na alama ya # ziliongezwa mwaka wa 1968. Ndizo zinazobonyezwa leo na familia zilizohama vita, ili kuona kama pesa za msaada zimeingia.

Historia hii inamsaidia kijana kuchagua. Anayependa rangi, mistari na mpangilio, njia ya Dreyfuss inamfaa, mradi akubali kazi yake ipimwe na vidole vya wengine. Mwenye subira ya kukaa na watu, kuwatazama bila kuwakatiza na kuhesabu wanapokosea, njia yake ni ya Karlin.

Ila kuna tofauti moja. Sura ya huduma ya pesa kwa simu inaweza kuchorwa mbali, Kinshasa au Ulaya. Lakini mama asiyesoma Kifaransa, anayelazimika kumpa mtu mwingine namba yake ya siri ili amsaidie, haonekani kutoka huko. Anaonwa na aliye karibu naye, anayemsikiliza kwa Kiswahili, Kinande, Kinyarwanda au Mashi. Kwa uchunguzi wa namna hiyo, kijana wa Kivu ana mtaji ambao hakuna shule ya mbali inayoutoa.