UZI: Nani aliua majosho ya Kisii na Nyamira?

1/ Kila msimu wa kura josho linarudi jukwaani. Huyu anasema serikali ilitupa wafugaji, yule anasema wakulima walizoea vya bure. Sitataja mtu wala chama. Tuangalie tu tulifikaje hapa.

2/ Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliowafungulia wakulima Waafrika njia pana ya kilimo cha biashara, maziwa yakiwemo. Baada ya uhuru, skimu za makazi za Borabu zikaongeza ng'ombe wa gredi. Shida ni kwamba gredi hufa haraka kwa ndigana kali, ile ECF, inayoletwa na kupe.

3/ Na kupe hajui ua la mtu. Ukiogesha wako na jirani haogeshi, wiki ijayo umerudi pale pale. Ndio maana josho ni kazi ya pamoja. Miaka ya 1970 serikali ilichukua usimamizi wa majosho mengi kutoka kwa kamati za wakulima. Daktari na mbegu ya fahali pia vilikuwa na ruzuku.

4/ Mwisho wa miaka ya 1980 mambo yakageuka. Hazina imebanwa, wakopeshaji wa nje wanataka matumizi yapunguzwe. Kuajiri kila daktari mpya wa mifugo kukasimama. Majosho yakarudishiwa wanakijiji, mengi bila mtaji.

5/ Hapa ndipo watu hukosea. Josho hubeba maelfu ya lita. Kamati ikikosa pesa inaongeza maji, haiongezi dawa. Kupe hafi, anazoea dawa. Mkulima anaona halisaidii, anaacha kulipa. Josho linakufa bila mtu mmoja kuliua.

6/ Agrovet na madaktari binafsi walijaza pengo, na tuwape haki yao: unapiga simu, mtu anafika na pikipiki. Lakini biashara huuza kile mteja mmoja anaweza kulipia. Nani atakuuzia kijiji kisicho na kupe?

7/ Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: kudhibiti magonjwa ya wanyama ni kazi ya kaunti, sera ya mifugo ni ya serikali kuu. Sawa, ila ng'ombe wanavuka kutoka Narok hadi soko za Kisii bila kuuliza bajeti ni ya nani.

8/ Chanjo ya ECF iliyotengenezwa Muguga ipo, na kuchanja mara moja kunatosha. Lakini mrija mmoja una dozi za ng'ombe wengi, na ukishayeyushwa hauwekwi hadi kesho. Mwenye ng'ombe wawili hawezi peke yake. Inabidi ushirika ukusanye watu, daktari binafsi adunge, kaunti igharamie usafiri na ufuatiliaji.

9/ Kwa hivyo mgombea akiahidi "kufufua majosho", mimi namuuliza matatu tu: dawa italipwa na nani mwaka wa pili? Nani atapima nguvu yake? Na kaunti jirani mmekubaliana nini? Wewe ungeongeza lipi?