Mashine ya Kukata Nyasi Imedinda Kuwaka? Cheki Hizi Kabla Umpelekee Fundi Doo

Mvua za Machi zikishuka Kimilili, nyasi za shule na makanisa zinapanda chap chap, na mwenye mashine ako na kibarua kila wiki. Noma ni ile siku unavuta kamba mara ishirini na injini haisemi kitu. Mwenye kazi anakuangalia, na msee wa slasha yuko hapo kando akingoja uchoke ndio achukue hiyo doo.

Usipaniki. Injini ya petroli inataka vitu vinne: petroli safi, hewa, moto wa plagi na mgandamizo wa pistoni. Moja ikikosa, hakuna kuwaka. Form ni kujua ni gani, ukianza na zile za bure.

Usalama kwanza: chomoa waya ya plagi kabla ushike kisu cha chini. Ukiilaza mashine, upande wa kabureta na filta uangalie juu. Sigara iwe mbali.

1. Za macho tu
Tanki iko na kitu? Koki ya petroli imefunguliwa? Choku iko mahali pa kuwashia? Cheki pia ule mkono wa breki kwa mpini. Mashine nyingi, usipoubana, moto unakatwa na utavuta kamba mpaka jioni.

2. Petroli iliyolala
Huyu ndiye mshukiwa namba moja. Ukiweka mashine stoo Desemba na petroli ndani, ikifika Machi hiyo mafuta imeisha nguvu. Briggs & Stratton, wanaotengeneza hizi injini, wanasema petroli inaweza kuchacha ndani ya siku 30. Ikikauka, inaacha gundi kwa kabureta. Mwaga yote kwa mtungi, weka fresh.

Ulinunua ya chupa kando ya barabara? Mimina kidogo kwa glasi: kama kuna maji, yatakaa chini. Mafuta ya taa hutayaona hivyo, na huo mchezo wa kuchanganya ulikuwa mkubwa mpaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.

3. Plagi iko na story
Vuta kamba mara kadhaa, kisha ifungue uicheki.
- Kavu: petroli haifiki. Shida iko kwa koki, paipu ama kabureta imeziba.
- Imelowa: petroli inafika, lakini moto hakuna, ama umeimwagia nyingi na choku. Ikaushe, ngoja dakika kama 15, jaribu bila choku.
- Nyeusi na masizi: petroli nyingi, hewa kidogo. Kimilili tuko juu ya mita 1,500 na hewa ni nyepesi. Honda wanashauri kabureta irekebishwe kama injini inafanya kazi juu ya hapo kila siku. Filta chafu inaongeza shida.

Isugue na brashi ya waya. Nafasi ya pale moto unaruka huwa kama milimita 0.7 hadi 0.8 kwa injini nyingi ndogo.

4. Moto upo?
Rudisha waya kwa plagi ikiwa nje, gusisha chuma chake kwa injini, mbali na tundu lake juu petroli ikiruka itashika moto. Ishike na koleo yenye mpira, bana breki, beste avute kamba. Ukiona cheche ya bluu, uko poa. Hakuna kitu? Jaribu plagi mpya ya namba ileile kabla ulaumu koili.

5. Filta na kabureta
Toa filta, jaribu kuwasha kidogo. Ikiwaka, filta ndio mbaya. Ikikataa na plagi ni kavu, funga koki, fungua kikombe cha chini cha kabureta, kisafishe, na uzibue katundu ka jeti kwa kupuliza. Usikatoboe na msumari, utakapanua.

6. Uligonga jiwe?
Kama ilizima ghafla kwa kisiki ama jiwe, na sasa kamba inakurudisha mkono kwa nguvu, kuna kijichuma kinachoshika gurudumu zito la injini ambacho huenda kimekatika. Moto unakuja wakati si wake. Hiyo peleka kwa fundi, na umwambie uligonga nini.

7. Kamba ni nyepesi sana?
Ukivuta na usikie hakuna upinzani, mgandamizo umeisha: valvu ama ringi za pistoni. Hiyo pia ni ya fundi.

Fundi wa nduthi aliye karibu anaweza kukusaidia na namba 3 hadi 5, juu kanuni ni zilezile. Muonyeshe plagi na umwambie umeshajaribu nini, ndio asikuuzie kabureta mpya kama shida ilikuwa petroli ya Desemba. Na mwaka ukiisha, funga koki uache injini ingurume mpaka izime yenyewe, kisha umwage iliyobaki kwa tanki. Machi utaanza na kamba moja.