Kerisi ya Bali: Jambia Lenye Heshima ya Ukoo

Tarehe 20 Septemba mwaka 1906, mfalme wa Badung, kusini mwa kisiwa cha Bali, alitoka nje ya kasri yake pamoja na jamaa na wafuasi wake, wote wamevaa nguo nyeupe. Walishika mikuki na majambia yaitwayo kerisi. Mbele yao walisimama wanajeshi wa Uholanzi wenye bunduki. Watu hao hawakutarajia ushindi. Walichagua kufa kuliko kusalimu amri. Mamia waliangamia, wengine kwa majambia yao wenyewe. Wabali huliita tukio hilo puputan, yaani kupigana hadi mwisho.

Kwa Wabali, ambao wengi wao ni Wahindu, kerisi si silaha tu. Hurithiwa kizazi hadi kizazi, na huaminika kuwa na nguvu za kiroho. Hapo zamani, bwana harusi asiyeweza kufika aliweza kuwakilishwa na kerisi yake.

Kazi ya kuitengeneza ni ya wahunzi wa ukoo wa Pande. Mhunzi hufua pamoja tabaka za chuma cha kawaida na chuma chenye nikeli, akizikunja na kuziponda tena na tena. Kisha bapa husuguliwa kwa maji ya ndimu na aseniki. Chuma cha kawaida hugeuka cheusi, nikeli hubaki ikimeremeta, na hapo hujitokeza nakshi ziitwazo pamor. Kerisi nyingine zimenyooka, nyingine zina mawimbi, na idadi ya mawimbi hayo huwa witiri.

Kila baada ya siku 210 huadhimishwa siku ya Tumpek Landep, ambapo kerisi husafishwa na kutolewa sadaka. Siku hizi hata magari na mashine huombewa baraka siku hiyo.

Mwezi Aprili mwaka 1908 ilikuwa zamu ya Klungkung, ambako mfalme wake naye aliuawa katika puputan. Tangu hapo Bali yote ikawa chini ya Uholanzi, na hazina nyingi zikavushwa bahari.

Mwaka 2005, UNESCO iliitambua kerisi ya Indonesia kuwa urithi wa binadamu wote. Na mwezi Julai mwaka 2023, Uholanzi ilitangaza kuirejeshea Indonesia vitu 478 vya kale. Miongoni mwake ilikuwamo kerisi moja ya Klungkung, iliyorudi nyumbani bila mwenyewe.