Mhandisi wa programu za meli aliyetenganisha sura ya programu na hesabu zake

Mwaka 1978 Trygve Reenskaug, mhandisi kutoka Norway, aliondoka Oslo akaenda kukaa Palo Alto, California, kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kinachojulikana kama PARC. Alikuta huko mashine ambayo haikuuzwa dukani. Iliitwa Alto, iliundwa mwaka 1973, na ilikuwa na skrini iliyosimama wima kwa umbo la karatasi, picha zilizochorwa nukta kwa nukta, na kipanya chenye vitufe vitatu. Wakati huo ofisi nyingi zilizokuwa na kompyuta zilikuwa bado zinailisha kadi zilizotobolewa matundu.

Reenskaug hakwenda kushangaa. Alikuwa na umri wa miaka 48, na kazi iliyompa jina ilikuwa Autokon, programu iliyoanza kutumika mwaka 1963 kuchora umbo la meli kwa hesabu na kuziongoza mashine za kukata mabamba ya chuma. Viwanda vya meli vya nchi nyingi viliitumia kwa zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo alipofika PARC alikuwa na swali la kiwandani mfukoni, si la maabara.

Swali lenyewe lilihusu mipango. Ujenzi wa meli, daraja au jukwaa la mafuta baharini una shughuli maelfu, na kila moja ina zinazoitangulia: bamba halikatwi kabla mchoro haujapitishwa, na rangi haipakwi kabla ya kuchomelea. Msimamizi wa zamu anataka orodha ya kazi za wiki hii, basi. Mpangaji anataka mchoro wa mishale unaoonyesha kipi kinasubiri kipi. Mkubwa wa kampuni anataka vibao virefu na vifupi vilivyopangwa juu ya kalenda, ili ajue kama tarehe aliyomwahidi mteja bado ipo. Wote watatu wanazungumzia meli ileile. Kila mmoja akiwa na programu yake inayojitunzia takwimu zake, baada ya mwezi mmoja kutakuwa na meli tatu tofauti kwenye karatasi, na hakuna hata moja iliyo sawa na ile inayojengwa nje.

Jibu aliliandika kwa lugha ya Smalltalk, iliyobuniwa papo hapo PARC na Alan Kay na wenzake. Taarifa yake ya ndani ya Mei 1979 ilitumia majina mengine. Baada ya majadiliano marefu, hasa na Adele Goldberg, mmoja wa vinara wa kikundi hicho, taarifa ya tarehe 10 Desemba 1979 ikayakazia matatu: modeli, mwonekano na kidhibiti. Herufi za kwanza za majina hayo matatu kwa Kiingereza, MVC, hazijatoka midomoni mwa waandishi wa programu tangu hapo.

Modeli hutunza mambo yenyewe: shughuli ni zipi, zinachukua siku ngapi, ipi inaitangulia ipi. Haina habari na dirisha, rangi wala kipanya. Mwonekano huchora sehemu ya modeli kwenye skrini, na modeli moja inaweza kuwa na mionekano mingi kwa wakati mmoja. Kidhibiti hupokea anachofanya mtu kwa kibodi na kipanya, kisha hukifikisha panapohusika.

Ufundi ulikuwa kwenye namna sehemu hizi zinavyopashana habari. Katika Smalltalk-80, toleo lililotoka nje ya PARC, modeli ikibadilika hujitumia ujumbe mfupi wa kusema kwamba imebadilika, na mfumo huusambaza kwa kila aliyejiandikisha kusikia. Modeli haijui ni akina nani, kama muadhini asiyehesabu walioamka. Kila mwonekano ukisikia huenda kuuliza thamani mpya na kujichora upya. Mpangaji akiongeza siku tatu kwenye kazi ya kuchomelea, orodha ya msimamizi na vibao vya mkubwa hubadilika papo hapo, ilhali hakuna mstari hata mmoja ndani ya modeli unaotaja orodha wala vibao. Mwaka ujao akija mtu anayetaka kuona mpango huo kwa namna ya nne, ataandika mwonekano wa nne na kuiacha modeli ilivyo.

Desemba hiyohiyo ya 1979 Steve Jobs alifika PARC na wenzake wa Apple. Mkasa huo umesimuliwa hadi umechakaa, ila kuna kipande kinachorukwa mara nyingi. Jobs mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye kwamba siku ile alionyeshwa mambo matatu, na la kwanza, yaani madirisha na menyu, lilimpofusha asiyaone mawili yaliyobaki. Mojawapo ya hayo mawili lilikuwa uandishi wa programu kwa vitu vinavyotumiana ujumbe, ambao ndio udongo ilimoota kazi ya Reenskaug. Sura ilitoka PARC haraka. Mpangilio wa ndani ulichelewa.

Haukupotea wote, hata hivyo. Bruce Horn, kijana aliyelelewa kikazi katika kikundi cha Smalltalk, alihamia Apple na kuandika sehemu ya Macintosh inayoshughulikia kile walichokiita rasilimali. Katika mashine hiyo ya mwaka 1984, maneno ya menyu, picha za ikoni na vipimo vya visanduku vya maswali havikuzikwa ndani ya msimbo. Vilikaa pembeni, kwenye sehemu maalumu ya faili, na mtu asiyejua kuandika programu aliweza kuvibadilisha. Macintosh ya Kifaransa haikuhitaji kuandikwa upya. Kisha kwenye kompyuta za NeXT, kampuni aliyoianzisha Jobs alipotoka Apple, Mfaransa Jean-Marie Hullot aliunda chombo cha kupanga madirisha kwa kuvuta vitufe kwa kipanya na kuvihifadhi katika faili lao. Programu za Mac za leo ni wajukuu wa kazi hiyo.

Halafu mwaka 1991 Microsoft ikatoa Visual Basic.

Ni vigumu kuichukia. Ulichora dirisha, ukaweka kitufe, ukakibofya mara mbili, na nafasi ya kuandika msimbo ikafunguka hapohapo. Watu ambao wasingethubutu kuandika programu ya Windows waliandika za maduka, zahanati na shule. Lakini nafasi ile iliyofunguka nyuma ya kitufe ilikuwa inakaribisha kila kitu, na kila kitu kikaingia: hesabu, masharti, maombi ya kwenda kwenye hifadhidata. Kwa hukumu ya mwandishi huyu, hakuna chombo kilichowapa watu wa kawaida uwezo mkubwa hivyo na papo hapo kikawafundisha mazoea mabaya hivyo.

Ubaya wake huonekana sheria inapobadilika. Tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilishusha kodi ya VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Programu ya duka yenye modeli safi hubadilishwa mahali pamoja. Ile yenye 0.16 nyuma ya kitufe cha kuuza, tena nyuma ya kitufe cha kurudisha bidhaa, tena ndani ya dirisha la ripoti, hulazimu mtu kuwinda namba hiyo dirisha kwa dirisha, mara mbili ndani ya miezi tisa. Sehemu moja ikisahaulika, risiti na ripoti hazitakubaliana.

Kidhibiti cha Reenskaug nacho kilipitwa. Alto haikuwa na vitufe vilivyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo ilibidi kuwe na mtu wa kukisikiliza kipanya. Windows na Mac zilileta vitufe vinavyojua vyenyewe kwamba vimebofywa. Majina yakazidi kuzaliana: mwaka 1996 Mike Potel wa kampuni ya Taligent aliweka mwasilishaji mahali pa kidhibiti, na mwaka 2005 John Gossman wa Microsoft akaeleza modeli ya mwonekano, inayofungamanishwa na dirisha kiasi kwamba upande mmoja ukibadilika wa pili hufuata wenyewe. Faida moja iliyowavutia wengi ni kwamba hesabu zinaweza kujaribiwa na mashine usiku kucha bila kufungua dirisha lolote.

Reenskaug, aliyefariki mwaka 2024, hakuacha kulifikiria jambo hili. Mwaka 2009, akiwa na James Coplien, alichapisha pendekezo jipya la kupanga programu kwa kufuata namna mtumiaji anavyoiona kazi yake. Lengo lilikuwa lilelile la kiwandani: mtu aliye mbele ya skrini aione meli yake kama anavyoijua.

Wasomaji wa Kiswahili walionja tunda la utengano huu wa sura na hesabu mwaka 2004. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu wa Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa maneno ya OpenOffice yalikuwa yamekwisha tengwa na msimbo. Mfasiri alipewa sentensi ya Kiingereza, akaandika ya Kiswahili chini yake, na injini ya kuandika barua na kupiga hesabu haikuguswa.

Hata hivyo Kiswahili huukuta ukuta huo kati ya maneno na msimbo ukiwa na nyufa. Programu nyingi huunga sentensi kwa vipande: jina la kitu, kisha neno la kusema kimefutwa. Kiingereza hakijali kitu gani kimefutwa. Kwetu folda imefutwa, kitabu kimefutwa, jedwali limefutwa, na majedwali mawili yamefutwa. Zana nyingi za tafsiri zinajua kutenganisha umoja na wingi, lakini ngeli hazizijui. Ndiyo maana wafasiri huwaomba waandishi wa programu waache kuunga vipande na waandike sentensi nzima kwa kila aina ya kitu, ombi linalomrudisha mtu wa hesabu kwenye msimbo wake kwa sababu ya sarufi.